Kipya Kinyemi Kingawa Kidonda: Dawa ya Gari la Mjomba

Arobaini ya marehemu mjomba wangu ilipokwisha, wanawe walikaa barazani, mtaa wa Tudor hapa Mombasa, kuzungumza habari ya mirathi. Nyumba hesabu yake ilijulikana, na fedha chache za benki zilijulikana. Likabaki gari. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja, akalizunguka mara mbili, akataja bei ya mabati. Mkubwa wa wale ndugu akasema, "Tumpe alichukue. Gari lisilotembea lina thamani gani?"

Mimi ni mtoto wa dada. Sina fungu katika mirathi ile. Lakini nilimfikiria mkaza mjomba, ambaye sheria inampa thumuni kwa kuwa mumewe ameacha watoto. Thumuni ya bei ya mabati ni nini? Na thumuni ya gari zima je? Nikaomba nipewe muda mpaka mwezi uandame, nilitibu mwenyewe pale pale uani. Walinikubalia, lakini kwa kucheka. Mshairi na spana wapi na wapi!

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la mbio la viti viwili, pua ndefu, mgongo uliolala. Aina hii ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita 2,393, na inalishwa na kabureta mbili. Wazee wa rika la mjomba hawakulipendea umbo tu. Katika mbio za East African Safari za mwaka 1971, Edgar Herrmann na mwenziwe Hans Schüller walishinda kwa gari la aina hii, na la pili likaja jingine kama hilo, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda yeye, akiwa pamoja na Lofty Drews. Baada ya ushindi huo mjomba akajinyima, akanunua lake likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, akakaa nalo mpaka alipokufa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Asubuhi gari huwaka kwa mara moja. Huenda vizuri robo saa, au dakika 20, kisha hukohoa, huishiwa na nguvu, huzimika. Likipumzika nusu saa huwaka tena kana kwamba halikuwa na lolote. Mafundi wote walisema ni petroli. Joto letu la Pwani, walisema, huichemsha petroli ndani ya mabomba ikageuka mvuke, na pampu isiweze kuivuta. Neno hilo si la uongo. Magari haya yana tabia hiyo, kwani kabureta zake zimekaa juu ya mabomba ya moshi. Basi pampu ikabadilishwa, chujio likabadilishwa, kabureta zikafunguliwa na kusafishwa, mabomba yakafungwa matambara yaliyorowa maji. Lakini wapi! Gari likazidi kuzimika. Mjomba akafa hajapata jawabu.

Katika kisanduku cha spana nilikuta daftari lake. Mjomba, kama wengi waliopitia chuoni zamani, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kila alilolifanyia gari aliliandika pamoja na tarehe. Nikasoma kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta siku ugonjwa ulipoanza. Nikaipata: "Limezimika juu ya daraja la Nyali." Siku nne kabla yake pameandikwa: "Pointi mpya, kondensa mpya." Mafundi wale walitazama kila kikuukuu, na hapana hata mmoja aliyeshuku kile kipya.

Sikukimbilia kufungua. Gari lililokaa miezi saba lina mambo yake ya kutangulizwa. Petroli iliyolala tangini nilimwaga, nikatia mpya. Betri nikaitia chaji. Oili nikaitazama, na maji ya rejeta. Kisha breki: mafuta yake, mipira yake, na mabomba yake ya chuma, kwani hewa ya bahari huila chuma kimya kimya. Kila nilipoingia chini, gari lilikaa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kumwamini mtu akalala chini yake.

Kisha nikaliwasha, nikaliacha lingurume pale uani. Hapa ndipo wengi tunapokosea: gari huzimika barabarani likiwa na moto, nasi hulipima gereji likiwa limepoa. Mgonjwa wa homa ya jioni hupimwa jioni. Binamu yangu mdogo, yule aliyecheka zaidi, nilimweka kwenye usukani. Baada ya dakika 18 likakohoa, likafa.

Mara nikafungua plagi moja, nikaikuta imelowa petroli. Basi petroli inafika. Iliyokosekana ni cheche ya kuichoma. Nikairudisha plagi ile mahali pake ili mvuke usitoke ukashika moto. Nikachukua plagi nyingine, nikaichomeka kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, na waya nikaushika kwa koleo yenye mpini wa mpira. Nikamwambia kijana apige stati. Cheche nzima ni ya buluu, nayo hulia ta! ta! ta! Hii ilikuwa ya manjano, nyembamba, tena ikakatika kabisa.

Nikafungua kifuniko cha distribyuta nikatazama pointi zikicheza. Moto uliokosekana kwenye plagi ulikuwa pale, ukiruka baina ya pointi, na nyuso zake zimeungua. Hiyo ndiyo alama ya kondensa mbovu. Kazi ya kondensa ni kuumeza umeme pale pointi zinapoachana, ili usiruke baina yao. Ukimezwa, umeme wa koili hukatika ghafla, na kule kukatika ghafla ndiko kunakozaa nguvu za maelfu ya volti za kupeleka kwenye plagi. Kondensa yenye kasoro huweza kufanya kazi ikiwa baridi. Ikipata joto huvuja, na cheche ikafa. Ikipoa hurudi, na mwenye gari akadanganyika.

Je, ningepata wapi kondensa nyingine usiku ule? Kuweka si kuoza, walisema wahenga. Katika mkebe wa maziwa, chini ya kisanduku, mjomba alikuwa ameiweka ile ya zamani iliyotolewa. Kondensa ya gari hili imefungwa nje ya distribyuta, kwa skurubu moja na waya mmoja. Kazi yake haifiki robo saa. Nikaifunga. Pointi nikazipiga msasa mwembamba, nikazipanga zikiwa wazi zaachane nusu milimita. Baada ya hapo ndipo nikapanga wakati wa cheche, kwani ukizigusa pointi na wakati hubadilika, na mwenye kuanza na wakati atafanya kazi mara mbili.

Kabureta niliziacha za mwisho makusudi. Nilitia oili nyepesi katika vikombe vyao, kisha nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, nikasikiliza hewa inavyovutwa. Ya kwanza ililia kama mtu apulizaye chai, ya pili kama mtu aliyelala. Nikazungusha skurubu kidogo kidogo mpaka sauti mbili zikawa moja. Lau ningeanza hapo, kama walivyoanza wenzangu, ningezipanga zilingane na cheche mgonjwa, nami nisijue kosa ni lipi.

Likanguruma saa nzima bila kukohoa. Mkaza mjomba akatoka mpaka mlangoni, akiwa bado katika eda yake, akasimama kusikiliza. Sauti ile alikuwa akiijua tangu ni mwari. Nikangoja alie. Akasema, "Hebu lizime, mwanangu. Mafuta ni ghali."

Siku ya pili tulikwenda hadi Mtwapa jua la saa saba, tukarudi. Halikuzimika. Nikanunua kondensa nyingine, nikaipima kwanza gari likiwa na moto, ndipo nikaifunga moja kwa moja. Ile ya zamani ikarudi mkebeni.

Sisemi gari limekuwa jipya. Sakafu yake ina kutu, na chini ya betri pameliwa hata kidole hupita. Hiyo ni kazi ya mtu wa kuchomelea, si yangu. Lakini mwezi ulipoandama, aliitwa mwenye kujua thamani ya magari kama haya, akataja bei ambayo mnunuzi wa vyuma hakuiota. Binamu yule mdogo akaomba alichukue yeye, awalipe nduguze mafungu yao. La kwanza kulipwa lilikuwa thumuni ya mama yake, mkononi, mbele ya mashahidi.

Nami kwa kuwa fungu langu ni maneno, nimejikatia ubeti huu:

Kipya sifa usikipe, pasi kwanza kukipima,
Cha kale usikitupe, huenda kina uzima,
Fundi haraka aepe, aulize yalo nyuma,
Mwenye haki naye mpe, fungu lake kwa heshima.