Oili inavuja baada ya kujitengenezea pikipiki? Usinunue gasketi bado

UMEFUNGUA klachi ya pikipiki mwenyewe Jumapili, hapo uani. Umebadilisha pleti, ukafunga, ukapiga kiki na injini ikaitika. Umejipa pongezi, na una haki. Jumatatu alfajiri unaitoa nje na kukuta doa la oili chini yake, ukubwa wa chapati. Sasa kichwani yanapigana mawazo mawili: ama nimeuziwa gasketi feki, ama nimeua injini.

Tulia kwanza. Mara nyingi si hili wala lile. Ila kuna jambo moja ukilikosea utatoboka mfuko bure: mahali oili inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea.

Hapa Bomeni, mjini Taveta, hili si suala la usafi tu. Siku ya soko pikipiki ndiyo inayoshusha ndizi kutoka mashambani, na siku zote ndiyo inayokimbiza abiria kuelekea mpaka wa Holili. Vijana wengi wanaoziendesha bado wanalipa mkopo wake. Pikipiki ikilala siku mbili, mkopo haulali.

Na injini hizi ni ndogo. Pikipiki ya cc 100 au 150 hubeba takriban lita moja tu ya oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, krenki, gia na klachi. Ukipoteza kikombe kimoja, umepoteza karibu robo. Kwa joto letu na mzigo wa mikungu minne, injini itaanza kugonga na bili itakuwa ya krenki, si ya gasketi. Zaidi ya hapo, oili ikirushwa kwenye tairi la nyuma, kona ya kwanza inaweza kukulaza chini wewe na abiria wako.

Mchezo wa kubahatisha

Kuna jamaa wa steji moja hapa kwetu aliyebadilisha pleti nyumbani kama wewe. Oili ikawa inaning'inia kwenye bolti ya chini, ile ya kumwagia oili. Akaamini macho yake. Akanunua washa mpya ya bolti hiyo, ikavuja. Akakaza zaidi, ikavuja. Akaizungushia silikoni mpaka ikafanana na keki, na bado ikavuja.

Fundi aliyemsaidia hakununua kitu. Aliiosha injini tu, akaikausha, akaiwasha na kuchuchumaa kando yake. Dakika kumi baadaye uzi mwembamba wa oili ukaonekana juu kabisa ya kifuniko cha klachi, upande wa mbele. Ulikuwa ukiteremka polepole kwenye ukingo wa kifuniko hadi chini, kisha unadondokea kwenye ile bolti. Bolti ya chini ilikuwa imesingiziwa siku zote hizo.

Kosa lenyewe? Bolti za kifuniko hazilingani urefu, naye alikuwa amezichanganya. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi, hugota mwisho kabla ya kubana kifuniko. Mkononi unahisi imekaza sawasawa, kumbe imekaza hewa.

Fanya hivi, kwa mpangilio

Kwanza, pima kiwango cha oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, halafu angalia kioo kidogo cha injini au kijiti cha kupimia, kulingana na aina yako. Ikiwa imepungua chini ya alama, ongeza kabla ya kuwasha. Ikiwa imezidi, huenda umepata jibu tayari: oili iliyojazwa kupita kiasi husukumwa nje kupitia bomba la kupumulia la injini, nawe ukadhani gasketi imekufa.

Pili, osha. Hii ndiyo hatua watu huruka, na ndiyo muhimu kuliko zote. Ulipofungua kifuniko, oili ilimwagika na nyingine ikajificha kwenye mapezi ya injini na pembeni mwa bolti. Hiyo inaweza kudondoka siku mbili nzima bila injini kuvuja popote. Injini ikiwa imepoa kabisa, pitisha brashi yenye mafuta ya taa, kisha maji na sabuni. Usitumie petroli, na usifanye kazi hii karibu na jiko. Kausha kwa kitambaa.

Tatu, paka poda. Ndiyo, poda ya mtoto. Nyunyizia kidogo kwenye maungio yote: ukingo wa kifuniko, pembeni mwa kila bolti, mahali shafti ya kiki inapotokea, mahali shafti ya gia inapotokea. Oili ikigusa poda kavu, inaacha mstari mweusi usiofichika.

Nne, washa na usubiri. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, nje penye hewa, uiache ipate moto. Vidole mbali na cheni na sailensa. Usiende kuijaribu barabarani kwanza, kwa sababu upepo huvuta oili nyuma na kuitandaza kila mahali.

Tano, fuata mstari kwenda juu na mbele. Oili hushuka, na pikipiki ikitembea hurudi nyuma. Kwa hiyo sehemu ya juu zaidi na ya mbele zaidi yenye unyevu ndiyo mshukiwa wako. Tumia tochi ya simu. Kama huoni vizuri, iweke simu chini ya injini urekodi video, kisha ukuze picha.

Anza na ulichogusa

Injini ambayo haikuvuja Jumamosi na inavuja Jumatatu imebadilishwa na kitu kimoja: mikono yako Jumapili. Usianze kushuku hedi kama hukuifungua.

Ikiwa ulifungua kifuniko cha klachi, washukiwa ni hawa. Kipande cha gasketi ya zamani kilichobaki kimeganda. Bolti zilizochanganywa. Gasketi iliyokunjika ulipokuwa unarudisha kifuniko. Na kwenye pikipiki nyingi ambazo shafti ya kiki hupita katika kifuniko hicho, kuna sili yake ya mpira: meno ya shafti huikata kwa urahisi ukisukuma kifuniko kwa pupa. Paka sili oili na usukume polepole.

Ikiwa ulibadilisha oili tu, angalia bolti ya chini na washa yake. Washa hiyo ni laini, hujibana mara moja, na kuirudia mara nyingi ni kutafuta tone. Kisha angalia oringi ya kifuniko cha kujazia.

Sasa neno kuhusu nguvu. Bolti ndogo zinazochukua spana ya 8 hazitaki hasira. Mwili wa injini ni alumini, na ukikaza kama nati ya gurudumu utakula nyuzi za ndani. Kaza kidogo kidogo, kwa kukingamisha: hii, halafu ya upande wa pili, mpaka zote zishike. Na silikoni si dawa ya kila kitu. Inayozidi hujisukuma ndani, hukatika na inaweza kuziba chujio la oili.

Siku nyingine kabla ya kufungua, chukua kipande cha katoni, chora umbo la kifuniko, utoboe matundu na kuchomeka kila bolti mahali pake. Ni bure, na ingemwokoa yule jamaa.

Usione haya

Pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilijulikana duniani kwa kuacha oili sakafuni, na zilitoka viwandani hivyo. Honda ilipoleta CB750 mwaka wa 1969, injini isiyovuja ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowashangaza wanunuzi. Kama viwanda vizima vilihangaika, doa moja uani si aibu.

Aibu ni kumwaga oili chafu mtaroni. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili chafu ya gari moja, iliyobadilishwa mara moja, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mashamba ya Taveta yanaishi kwa mifereji ya chemchemi kama Njoro Kubwa. Weka oili kwenye mtungi, uipeleke gereji yenye pipa la kuikusanyia.

Kuna wakati wa kuacha pia. Ukiona ufa kwenye mwili wa injini, bolti inayozunguka bila kushika, au oili inayotoka nyuma ya sproketi ya mbele na huna vifaa, mpelekee fundi. Ukifika, usijifanye hukugusa kitu. Mwambie ulifungua nini, lini, na oili inatokea wapi. Ukimwonyesha mstari kwenye poda, atakulipisha kazi ya kufunga, si ya kutafuta.