Je, 'uungwana' ni adabu tu?
Wanaosaka mtandaoni kanda za zamani za Sauti ya Kenya hukutana na swali lile lile: "Je, Huu ni Uungwana?" Ndicho kipindi alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966. Wengi wetu twadhani uungwana ni adabu tu. La hasha! Kiasili, muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Mbotela naye alizaliwa 1940 Freretown, Kisauni, walikopewa makao watumwa waliokombolewa kuanzia 1875. Ukoo wake watokana nao. Neno lililowatenga wazee wake, yeye aliligeuza kipimo cha kila mtu, tajiri kwa maskini. Wahenga washasema: muungwana ni kitendo. Basi ukizisikiliza kanda hizo, usiishie kukumbuka ujana. Lisikie na neno lenyewe.