Mzizi wa Kitenzi *yuj* katika Kisanskriti: Asili na Maana ya Neno *Yoga*

Makala hii inaeleza asili na maana ya mzizi wa kitenzi *yuj* wa Kisanskriti, ambao ndio uliozaa neno *yoga*. Mara nyingi neno hilo hufasiriwa kuwa ni "muungano", kwa hoja kwamba *yuj* maana yake ni kuunganisha. Hoja ya makala hii ni kwamba fasiri hiyo huweka asili ya neno mahali pa maana yake, na kwamba wataalamu wa Kihindi wenyewe waliliona tatizo hilo zamani.

Kimofolojia, irabu *u* ya mzizi hugeuka *o*, na konsonanti *j* huwa *g* mbele ya kiambishi tamati *-a*. Hapo hupatikana *yoga*. Neno *yuga*, yaani nira, lina mzizi huohuo. Katika Rigveda, *yuj* hutumika sana kwa maana ya kufunga farasi kwenye gari. Ulinganishi wa lugha za Kihindi-Kiulaya unathibitisha ukale wa maana hiyo: *iugum* la Kilatini, *zygon* la Kigiriki na *yukan* la Kihiti yote humaanisha nira.

Hata hivyo, Dhātupāṭha, orodha ya mizizi takriban 2,000 inayofuatana na sarufi ya Pāṇini, haina *yuj* moja tu. Katika kundi la 7 (*yunakti*) mzizi huu umepewa maana ya kuunganisha. Katika kundi la 4 (*yujyate*) umepewa maana ya *samādhi*, yaani kuzituliza fikra mahali pamoja.

Tofauti hii ina uzito wa kifalsafa. Ufafanuzi wa kale wa Yogasūtra ya Patañjali, unaonasibishwa na Vyāsa, huieleza *yoga* kuwa ni *samādhi*. Vācaspati Miśra, akiusherehesha ufafanuzi huo, anabainisha kwamba neno linatokana na *yuj* yenye maana ya *samādhi*, wala si ile ya kuunganisha. Lengo la mfumo huo ni *kaivalya*: nafsi kubaki peke yake, ikiwa imetengana na maumbile. Mfasiri anayeandika "muungano" hapo huligeuza fundisho juu chini. Kwa upande mwingine, wafuasi wa Pāśupata waliifafanua *yoga* kuwa kuungana kwa nafsi na Mungu. Katika matini zao fasiri hiyo inafaa.

Kiswahili nacho kina mfano wa jambo hili. Kitenzi *funga* hutumika kwa kamba na kwa saumu, lakini asemaye "nimefunga" mwezi wa Ramadhani haeleweki kwa kutajiwa kamba.

Kwa hiyo, mzizi huonyesha neno lilikotoka, lakini maana yake huthibitishwa na matini pamoja na mapokeo yaliyoitumia. Mtafiti anayefasiri *yoga* hana budi kubainisha kwanza ni matini ya mapokeo yapi anayoisoma.