Bei ya gazeti, gharama ya uongo: El Mercurio na utawala wa Pinochet

Dola 1,665,000. Hizo ndizo fedha ambazo kamati ya siri ya serikali ya Marekani iliidhinisha kwa ajili ya gazeti la El Mercurio la Chile, Rais Salvador Allende akiwa madarakani. Ziliidhinishwa kwa awamu mbili: dola 700,000 tarehe 9 Septemba 1971, kisha 965,000 tarehe 11 Aprili 1972. Mlipaji alikuwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Hesabu hizo zilianikwa na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975.

Ni nyingi kiasi gani? Kati ya uchaguzi wa 1970 na mapinduzi ya 11 Septemba 1973 yaliyomng'oa Allende, Marekani ilitumia kwa siri takriban dola milioni 8 nchini Chile. Yaani katika kila dola 100, gazeti moja lilitengewa karibu 21. Ukizigawa kwa siku 733, tangu idhini ya kwanza hadi mapinduzi, unapata kama dola 2,270 kwa siku.

Gazeti lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa na heshima. El Mercurio lilizaliwa Valparaíso mwaka 1827, na toleo la Santiago likaanza 1900. Msomaji aliliamini kama alivyoliamini baba yake. Nyaraka za CIA zilizonukuliwa na kamati ya Seneti zilieleza kwamba lilichangia kwa kiasi kikubwa kuandaa mazingira ya mapinduzi.

Majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Pinochet yalipotwaa nchi, mwanzoni yaliruhusu magazeti mawili tu kuchapishwa Santiago: El Mercurio na La Tercera. Clarín na El Siglo, yaliyokuwa upande wa Allende, yalifungwa. Mshindani akishanyamazishwa, hakuna wa kukusahihisha.

Matokeo yake yalionekana Julai 1975. Majina ya Wachile 119 waliokamatwa na kutoweka yalitokea katika machapisho mawili ya nje: 60 Argentina, 59 Brazil. Ilidaiwa kwamba waliuana wenyewe kwa wenyewe ugenini. Ulikuwa uongo uliotungwa na polisi wa siri wa Pinochet. El Mercurio liliusambaza, na La Segunda, gazeti la kampuni hiyohiyo, likawafananisha watu hao na panya walioangamizwa. Mama aliyekuwa akizunguka vituoni kumtafuta mwanawe alikuta jibu hilo kwenye meza ya muuza magazeti.

Serikali ya Chile imekwisha kuwatambua wahanga zaidi ya 40,000 wa utawala huo ulioisha 1990. Zaidi ya 3,000 kati yao waliuawa au walitoweka.

Aprili 2015, chama cha wanahabari cha Chile kilimfukuza uanachama Agustín Edwards, mmiliki wa El Mercurio. Tangu orodha ile ya 119 ichapishwe, ilikuwa imepita miaka 40 kasoro miezi mitatu. Fedha za CIA zilihesabiwa na kufungwa vitabuni katika miaka minne hivi. Deni la gazeti kwa familia zile 119 bado liko wazi.