Nambari Nzima na Vizio: Ni Nini Hubadilika, Ni Nini Hubaki?

Matatu nambari 46 hutoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda Kawangware. Nambari hiyo imeandikwa katika kizio cha kumi: makumi manne na mamoja sita. Je, tukiiandika katika kizio cha tano, itabaki kuwa shufwa? Wanafunzi wengi hutazama tarakimu ya mwisho na kukimbilia jibu. Hapo ndipo alama hupotea.

Kubadilisha kizio

Gawanya kwa 5 mfululizo huku ukiandika baki:

46 ÷ 5 = 9, baki 1
9 ÷ 5 = 1, baki 4
1 ÷ 5 = 0, baki 1

Soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 141₅. Hakikisha: (1 × 25) + (4 × 5) + (1 × 1) = 46.

Kuhesabu kwa tano si jambo geni kwetu. Katika Kidholuo, achiel ni moja, abich ni tano, na auchiel ni sita, yaani tano na moja.

Shufwa au witiri?

141₅ inaishia kwa 1, lakini ni shufwa. Ukiwa na mawe 46, utayapanga jozi 23 bila jiwe kubaki, hata uiandike idadi hiyo vipi.

Sababu iko katika thamani za nafasi. Katika kizio cha kumi, thamani hizo ni 1, 10, 100 na kuendelea. Zote ni shufwa isipokuwa 1, hivyo tarakimu ya mwisho pekee ndiyo huamua. Katika kizio cha tano, thamani ni 1, 5, 25, 125. Zote ni witiri. Kila tarakimu ina usemi.

Kanuni:
(a) Kizio kikiwa shufwa, tazama tarakimu ya mwisho.
(b) Kizio kikiwa witiri, jumlisha tarakimu zote kwa hesabu ya kawaida. Jumla ikiwa shufwa, nambari ni shufwa.

Kwa 141₅: 1 + 4 + 1 = 6, kwa hivyo ni shufwa. Kwa 12₅: 1 + 2 = 3, kwa hivyo ni witiri, ingawa inaishia kwa 2. Thamani yake ni 7.

Nambari tasa

Matatu za Ngong hubeba nambari 111. Katika kizio cha kumi, 111 = 3 × 37, kwa hivyo si tasa. Lakini 111₂ ni 7 na 111₅ ni 31, ambazo zote ni tasa. Usiseme kwamba 111 "imegeuka" tasa. Hizi ni nambari tatu tofauti zilizovaa sare moja. Nambari 31 ni tasa katika kila kizio, kwa kuwa utasa ni sifa ya idadi yenyewe wala si ya maandishi yake.

Zoezi

Bila kubadilisha kizio, eleza kama ni shufwa au witiri: (i) 234₅ (ii) 325₇ (iii) 110₈

Majibu: (i) 2 + 3 + 4 = 9, witiri. (ii) 3 + 2 + 5 = 10, shufwa. (iii) Kizio ni shufwa na tarakimu ya mwisho ni 0, shufwa.

Kidokezo: Kabla ya kuandika lolote, soma kizio. Kisha onyesha sababu, si jibu tu.