Tikiti mwitu la Afrika, kinga ya tikiti la sokoni

TIKITI maji linalouzwa sokoni, jekundu na tamu, limebeba udhaifu usioonekana kwa macho. Kwa karne nyingi wakulima walichagua mbegu za matunda matamu, na katika kufanya hivyo jeni nyingi zinazoukinga mmea dhidi ya magonjwa ziliachwa nyuma. Aina nyingi zinazolimwa leo zinafanana mno kinasaba, hivyo ugonjwa unaoishinda moja unaweza kuzishinda nyingine.

Hatari hiyo ilidhihirika mwanzoni mwa karne ya 20 kusini mwa Marekani, ambako kuvu wa ardhini aitwaye Fusarium alinyausha mashamba. Mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, William Orton, alichavusha aina tamu ya Eden kwa tikiti gumu lisilo na utamu, lenye asili ya Afrika. Baada ya kuchuja vizazi kadhaa, mwaka 1911 ilitolewa aina ya Conqueror, iliyostahimili mnyauko. Haikupendwa sana sokoni, lakini kinga yake ilirithishwa kwa aina zilizofuata.

Mwaka 2021 watafiti walieleza kuwa ndugu wa karibu zaidi wa tikiti la sokoni ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan, lenye nyama nyeupe isiyo chungu.

Kwa hiyo mbegu za kienyeji si masalio ya kale. Zikitoweka mashambani kabla ya kuhifadhiwa katika benki za mbegu, hutoweka pamoja na kinga ambayo wakulima wa kesho wataihitaji.