Msomaji wa Hollywood na Mchumaji Chai: Mzani ni Mmoja



Jumamosi moja, baada ya mkutano wa tawi, tulibaki ofisini kutazama filamu ya Kimarekani. Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai akauliza: "Hadithi hizi nani huzichagua?" Sote tulijibu kuwa ni tajiri mwenye kampuni. Baadaye tulitafuta habari, tukakuta tulikosea. Anayechuja ni mfanyakazi wa mshahara kama sisi.

Huko Hollywood, mjini Los Angeles, kampuni za sinema hupokea miswada mingi kuliko wakubwa wanavyoweza kuisoma. Mswada mmoja huwa na kurasa kama 90 hadi 120, na ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa karibu dakika moja ya filamu. Basi huajiriwa msomaji. Yeye husoma mswada mzima, kisha huandika ripoti. Kwanza hueleza hadithi kwa sentensi moja au mbili. Pili huifupisha yote katika kurasa chache. Tatu hutoa maoni yake: Je, watu wa hadithi wanaaminika? Maneno yao yana ladha? Mwisho unatokana na mwanzo? Halafu hutoa hukumu moja kati ya tatu: mswada ukataliwe, ufikiriwe, au upendekezwe. Iliyo mingi hukataliwa.

Mara nyingi mkubwa husoma ripoti tu, mswada wenyewe asiuguse. Na filamu ikitoka, jina la msomaji halionekani. Jambo hili tunalielewa. Hata kwenye pakiti ya chai hakuna jina la aliyechuma.

Wasomaji hawa wako makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale wa kampuni kubwa. Hao wamo katika chama kiitwacho IATSE, tawi namba 700, pamoja na wahariri wa filamu. Hulipwa kwa saa, hulipwa saa za ziada, na wana bima ya matibabu na pensheni. Kundi la pili husomea kampuni ndogo na mawakala wa waandishi. Wengi wao hulipwa kwa kila mswada. Mswada ukiwa mrefu au mgumu, malipo ni yale yale. Wengine huambiwa wasome bure kwanza, eti wajaribiwe. Kazi ni moja na macho ni yale yale. Kinachowatenganisha ni chama.

Nani kati yetu haijui kazi ya kipande? Wakati wa ukame mchumaji hupita mistari ile ile, mgongo humuuma vile vile, lakini kilo hupungua. Hasara ya jua inakuwa yake, si ya mwenye shamba.

Ndugu, haki za wale wa kundi la kwanza hazikuletwa na huruma ya waajiri. Katika miaka ya 1940 chama cha wasomaji kilikuwa kimojawapo cha vyama vilivyojiunga katika muungano ulioitwa CSU. Machi 1945 muungano huo uligoma. Tarehe 5 Oktoba 1945, langoni mwa kampuni ya Warner Bros., watu walipigwa, wakarushiwa mabomu ya machozi na maji ya mipira ya zimamoto. Baadaye muungano wenyewe ukavunjika. Lakini wasomaji hawakukubali kubaki mmoja mmoja. Walipata nyumba nyingine ndani ya IATSE.

Vita haijaisha. Mwaka 2023 waandishi wa miswada waligoma siku 148, tangu tarehe 2 Mei. Jambo moja walilopigania lilikuwa kompyuta zenye akili bandia zisichukue kazi yao. Wasomaji nao wana hofu hiyo hiyo, kwa sababu sasa zinauzwa mashine zinazofupisha mswada kwa dakika chache. Mwaka 2024 wanachama wa IATSE walipiga kura kukubali mkataba wa miaka 3. Mishahara ipande asilimia 7, kisha 4, kisha 3.5. Tena mfanyakazi asilazimishwe kuielekeza mashine hiyo kwa namna itakayomfukuzisha mwenzake kazi.

Sisi tumejifunza nini? Liko jambo moja ambalo tungependa kila tawi lilijadili. Msomaji akikataa mswada, hana budi kuandika sababu. Mwandishi asiyemjua, aliye mbali, hukataliwa kwa sababu zilizoandikwa. Lakini karani wa mzani akikata kilo mbili kwenye kikapu cha mama aliyesimama mbele yake, haandiki neno. Husema "majani yana maji," na mambo yamekwisha.

Kwa hiyo tunasema: kilo ikikatwa, sababu iandikwe kwenye kadi ya mchumaji. Na mjumbe wa chama asimame karibu na mzani wakati wa kupima. Tulipeleke dai hili kwenye mkutano ujao na waajiri, tawi zima kwa sauti moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.